Sifa za Fundi Wagdi

Ting. Kimya. Ting.

Ng'ambo ya ukuta Wagdi alikuwa anajaribu nyuzi za udi mpya, na kila uzi ulipolia Rifaat aliuma meno. Miaka kumi na tisa wote wawili wanaunda ala hizo za muziki, duka kwa duka, katika mtaa mmoja wa Kairo. Miaka kumi na tisa wateja wanaingia kwake, wanatazama udi zilizoning'inia, kisha wanauliza: "Samahani fundi, kwa Wagdi ni wapi?"

Uzi ukanyamaza. Wagdi akasimama mlangoni na bilauri mbili za chai, kama mtu asiyejua kama ataruhusiwa kuingia.

"Fundi, Australia wanatoa viza ya kudumu kwa wenye vipaji adimu. Nimeomba. Wanataka barua ya fundi mwenzangu, aseme kama kipaji ninacho kweli. Ukikataa nitaelewa."

"Mtaa mzima umeniona mimi tu?"

"Nani mwingine anaujua udi? Wale wa kona wanaunganisha mbao kama wanabandika matangazo."

Rifaat alicheka bila kutaka. "Niachie."

Siku tatu alikaa na karatasi, kalamu nzito kama nyundo. Mkewe, Samiha, akachungulia begani kwake.

"Baba Hani! 'Mikono ambayo Misri haijaona mfano wake'? Juzi si ulisema udi wake unalia kama mbuzi?"

"Nikimponda, atabaki. Nikimsifu, ataondoka, na akiondoka fundi wa kwanza mtaa huu ni mimi. Hebu niache niandike."

Aliandika kurasa tatu. Kilichomchoma zaidi ni kwamba hakulazimika kudanganya hata mara moja.

Baada ya miezi minne Wagdi aliingia mbio, macho mekundu, bahasha mkononi.

"Imetoka?"

"Imetoka, fundi. Mimi, mke na watoto. Ya kudumu."

Rifaat alimkumbatia mpaka mifupa ikalia. Tayari alishauona ule mlango wa pili umefungwa, na wateja wakivuta viti kwake, wakikaa.

"Unasafiri lini? Mizigo nitakubebea mwenyewe, mpaka uwanja wa ndege!"

Wagdi akafuta macho kwa mkono wa kanzu.

"Wamenirudishia na barua yako. Nimemsomea mke wangu, tukalia wote wawili. Fundi, mimi Australia sikuwa na haja nayo. Nilikuwa nakimbia chuki yako. Miaka yote hii salamu yangu unaijibu kwa kikohozi, nikadhani hutaki hata kuniona. Kumbe moyoni umenibeba hivi!"

"Wagdi, sikiliza..."

"Viza nimeshawaandikia kuwa siitaki. Wallahi nakuahidi, ndugu yangu: wewe na ukuta huu siwaachi mpaka siku nitakayozikwa."