Vita Aliyoitaka Ngiri

Ngiri, mtawala wa bonde, alipenda vita mradi wapigane wengine. Siku moja alitangaza kwamba kila nyumba itoe kijana aende mpakani kupigana na fisi, akidai kwamba hawasemezeki.

"Anayekunywa maji ya bonde hili na hataki kulilinda ni adui yetu," alisema.

Nungunungu, mjane mwenye mtoto mmoja, alimuuliza, "Mheshimiwa, na mwanao je?"

"Yeye ana pumu."

Nungunungu alikwenda kwa vijana walioitwa jeshini, akawakariria maneno ya mtawala kama yalivyo. Asubuhi jeshi halikwenda mpakani, bali liliizingira nyumba ya Ngiri.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema mtoto wa Nungunungu kwa adabu. "Adui tumempata humu ndani, anakunywa maji. Tumkamate, au tuende naye vitani?"

Ngiri aliitazama miiba ya kijana yule. "Nendeni naye," alisema kwa sauti ndogo.

Mwanawe akapangwa mstari wa mbele. Jeshi halijafika mbali, Ngiri alilipita mbio hadi kwa fisi, akawaomba wakae wazungumze.

"Si jana ulisema sisi hatusemezeki?" aliuliza fisi mkubwa.

"Jana," alijibu Ngiri akihema, "nilikuwa sijafikiri vizuri."