Kura Mbili za Nyumba ya Probert

Mheshimiwa Idwal Probert alikaa ndani ya kibanda cha kura hadi msimamizi akakohoa. Penseli ilikuwa imefungwa kwa uzi, kana kwamba angekimbia nayo.

"Vipi, shemasi, umesahau chama chako?" mzee Wyn aliuliza kutoka kwenye foleni, mbwa wake miguuni.

Watu wakacheka. Idwal naye akacheka, akaomba msamaha wa Mungu kimoyomoyo, kisha akaweka alama kwa mgombea wa chama cha wafanyakazi.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mbunge wa Wahafidhina katika bunge la Wales, bunge alilolipinga kabla halijaanzishwa na ambalo kiti chake alikizoea upesi. Hakuna aliyewahi kumchagua kwa jina. Aliingia kupitia orodha ya mkoa, yaani viti vya kufidia chama kinachoshindwa majimboni. Chama chake kiliposhindwa, yeye alipanda treni ya Jumatatu kwenda bungeni Cardiff. Wananchi nao walipata choo kimoja cha umma, alichokitetea kisifungwe.

Mwaka huu chama kilimsimamisha Heledd Vaughan, daktari wa mifugo, na watu wakampenda. Heledd akishinda jimbo, kiti cha orodha kinafutika. Idwal alizunguka naye nyumba kwa nyumba akimsifu, na kila akirudi alipiga magoti.

"Unaomba nini?" mkewe Nesta alimuuliza.

"Mapenzi ya Mungu yatimie."

"Na mapendekezo yako umeshampa?"

Nesta alikuwa binti wa mchimba makaa aliyezikwa na kadi ya chama cha wafanyakazi mfukoni. Miaka thelathini na minne ya ndoa, kura za mume na mke zilifutana.

"Mkono huu ukiwapigia kura watu wako, ukatwe," alizoea kusema.

Lakini wiki hiyo, akipakua supu ya kondoo, alisema, "Hebu nieleze tena hiyo orodha yenu. Heledd akishinda, huendi tena Cardiff?"

"Siendi."

"Hata Jumatatu?"

"Hata Jumatatu, Nesta. Ndiyo nakwambia!"

"Maskini wee," alisema, akafunika sufuria.

Siku ya kura Nesta alitangulia peke yake asubuhi na mapema. Aliporudi alisimama kwenye sinki akisugua mikono muda mrefu, kama mtu aliyepara samaki. Idwal alichukua kofia akaenda kupiga yake. Naye alikuwa na lake moyoni.

Kesho yake walihesabu kura katika ukumbi wa michezo, mara tatu. Heledd alishinda kwa kura moja.

Idwal alimkumbatia mbele ya kamera. Mtangazaji alisema mzee analia kwa furaha.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alijicheka. Alikuwa amesaliti chama, dhamiri na ushemasi wake, tena katika ukumbi wa kanisa lake mwenyewe, chini ya ubao wa namba za nyimbo. Na bado hakufaulu. Hata usaliti ulimtaka mtu mwenye kipaji zaidi.

Nyumbani alikuta meza imeandaliwa kwa watu wawili. Ndara zake zilikuwa karibu na moto.

"Kura moja, Nesta!" alisema, akijitupa kitini. "Mtu mmoja tu! Laiti ningemjua ni nani!"

"Miaka kumi na tisa nimekula na redio," Nesta alijibu, mkono wake wa kulia ameuficha chini ya aproni. "Sogea, ule supu kabla haijapoa. Na Jumapili tusipite kwenye kaburi la baba. Sina uso wa kumwonyesha."