Bata Bukini na Mkeka wa Mbuzi

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakikaa nyumba moja, Bata Bukini alijitwika kazi ya kumfundisha mtoto wa mbwa kujisaidia nje. Mbuzi, mwenye nyumba, alikuwa ameshasema: "Mkeka wangu ukiendelea kulowa, mtoto huyu atalala nje na fisi."

Basi Bukini hakutulia. Mtoto akinywa maji, mbio uani. Akipiga miayo, mbio uani. Na huko uani Bukini alimzunguka akifoka, "Haya, kojoa! Upesi! Unangoja nini?" Mtoto alitetemeka, akafyata mkia, asitoe hata tone. Wakirudi ndani, Bukini akinyamaza tu, mkeka chapachapa.

"Mkaidi mkubwa!" Bukini alilia.

Alifoka hadi sauti ikamkauka. Asubuhi moja akamtoa mtoto bila neno, akajibwaga majanini, hoi. Mtoto akanusa huku, akanusa kule, akachuchumaa, akakojoa.

Bukini hakuamini macho yake. Furaha ikamrudishia sauti. Akamsukuma mtoto ndani, akimpigia mabawa kichwani: "Mbuzi! Njoo uone! Nimemfundisha! Nimemfundisha mimi!"

Mtoto akaruka kwa hofu, na mkeka ukalowa.

Mbuzi, aliyekuwa dirishani muda wote akiwatazama, akaja akafungua mlango. Mtoto akaanza kujikokota kuelekea nje.

"Wewe kaa," Mbuzi alimwambia. "Wewe unajua pa kwenda. Bukini, leo nenda nje mkafundishane na fisi."