Makaa ya Jirani

Ndaya alichungulia dirishani akaona moto unapanda kilima cha Kapata mchana kweupe, na nyuma yake wanawake wanaimba.

Akawasukuma watoto chumbani, akalishika komeo la mlango kwa mikono miwili. Mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa Kolwezi, moto ulipanda kilima hiki hiki, kwa nyimbo zilezile, na nyumba ya baba yake ikaungua yeye akiona. Leo asubuhi ndiyo kwanza amerudi.

"Mama mugeni!" sauti ikaita mlangoni. "Leta mbabula, jiko yako, tutie makala! Huku kwetu mugeni hapikake bukari, ugali yake ya kwanza, na moto ya kiberiti. Tangu bababu banayeyusha mukuba, shaba yetu, moto tunapeana. Fungua, mama, naungua!"

Ndaya akafungua kidogo tu. Mwanamke mnene alikuwa amebeba makaa mekundu juu ya kipande cha bati, akirukaruka kwa joto kama anacheza ngoma, na wenzake wakicheka mpaka wanashikana mabega.

Kicheko kikamtoka Ndaya kabla hajakizuia. Akausukuma mlango wote.

"Batoto, leteni mbabula mbio! Jirani anaungua!"