Kinu cha Baba Lusia

Baba Lusia alikuwa akiwaonyesha wageni kinu chake pale tone la kung'aa lilipochuruzika kutoka kwenye mshono wa chuma na kutua kiganjani mwake.

Alilitikisa. Likagawanyika mawili, yakakimbiliana, likawa moja tena.

Mtu aliyemaliza ujana wake machimboni haulizi hicho ni nini. Ilikuwa zebaki, sumu ya kukamatia dhahabu.

Kinu alikiunda mwenyewe kwa pipa la karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, alilolikuta limetupwa Katoro. Alilisugua kwa majivu na sabuni mpaka mikono ikachubuka. Mkewe hakulipenda tangu mwanzo.

"Baba Lusia, kimea nitasaga kwa jiwe langu, kama siku zote."

Akamcheka, kimea chote akakisaga kinuni. Alitaka isemwe Ushirombo nzima kwamba kwake pombe inasagiwa mashine. Laiti angemwachia jiwe lake!

"Jamani, kimya!" mzee mmoja alipaza sauti. "Mwenye pombe anaonja."

Mkewe alikuwa amesimama katikati ya ua na kibuyu mkononi. Ndiyo desturi: mpika pombe hunywa wa kwanza, wageni waone haina sumu.

Baba Lusia alilifumbata tone ngumini, akafumbua kinywa. Akaziona nyuso za wageni zikimtazama, aibu ikamshika, kitambo cha kupepesa jicho tu.

Mkewe akameza. Akapangusa midomo.

"Karibuni. Haina neno."

Akakijaza tena kibuyu, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, aliyekuwa amekwisha kunyoosha mikono yote miwili.

Ngumi ya Baba Lusia ilikuwa bado imefumbwa.