Godoro la Muko

Ukuta ule haukuwa na dirisha, lakini Kalala aliupa mgongo vilevile kabla ya kuanza kukanyaga pampu. Upande wa pili alikuwa mama mkwe wake, na mwanamume mwenye adabu zake hamkodolei macho mkwewe, hata kama katikati yao pana matofali.

"Hewa iko inaingia, mama?"

"Iko inaingia, muko. Aksanti."

Muko, ndivyo wakwe wanavyoitana kwa Kiluba. Kalala alikanyaga mara sitini, akageuza koki, akakanyaga sitini nyingine. Hivyo kila baada ya saa mbili, tangu asubuhi mpaka jua kuzama.

Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa ametengeneza breki za hewa za treni hapo Kamina, na hakuna aliyehitaji kumfundisha hewa ni kitu gani. Basi Mama Ndaya alipoanguka kwenye shamba lake la mihogo, miguu ikafa, akaletwa kwa binti yake Sephora, na vidonda vikaanza kumla mgongoni, Kalala aliona kazi imemfuata mpaka nyumbani. Alikata mipira ya ndani ya pikipiki, akaiunganisha kwa gundi ya pancha hadi akapata godoro la mistari kumi na miwili. Sita ikijaa, sita inanywea, kisha zamu inabadilika. Mwili haukandamizwi mahali pamoja. Mirija miwili ilipenya ukutani mpaka nje, ili apige pampu bila kuingia chumbani.

Shida ilikuwa vipimo. Muko hampimi muko. Katika nyumba ile hata viti vilikuwa na wenyewe: cha Kalala Mama Ndaya hakukikalia kamwe, na cha Mama Ndaya Kalala hakukigusa hata mvua ilipokikuta uani. Hawakushikana mikono, hawakula sahani moja. Sasa amwombe Sephora amletee upana wa kiuno cha mama yake? Aliona haya hata kuwaza.

Akajipima mwenyewe. Siku mbili alilala juu ya godoro lile sebuleni, akajigeuza, akapunguza hewa huku, akaongeza kule, watoto wa jirani wakimchungulia na kucheka. Lilipokuwa tayari alilipaka poda ya mtoto lisimnate mgonjwa, akampa Sephora alitandike kitandani. Halafu akazunguka nyuma ya nyumba na kutangaza kwa fahari:

"Mama, usiogope! Minyi mwenyewe nimelala juu yake siku mbili. Iko muzuri kabisa!"



"Aksanti, muko," sauti ikajibu kutoka upande wa pili. "Umejisumbua sana."

Jumatatu Sephora alimpeleka mama yake zahanati kwa mkokoteni. Kalala alifuata kwa mbali, akangoja barabarani. Masengo, muuguzi, akatoka kumtafuta.

"Papa Kalala, kidonda kinaongezeka. Hii iko kidonda ya muntu mwenye kulala fasi ya nguvu."

Uso ukamwaka. Mahali pagumu! Kumbe alikuwa anajaza hewa kupita kiasi. Alipunguza mikanyago ikawa arobaini. Jumatatu ya pili kidonda kilikuwa kimechimba zaidi. Akapunguza tena. Jumatatu ya tatu Masengo alimshika bega, akasema mfupa umeanza kuonekana, na kwamba mambo yakiendelea hivyo mama hatamaliza mwezi.

Mtaani walishajua. Nahum, aliyefanya naye kazi relini, alimsimamisha mbele ya watu. "Treni muzima ulikuwa unaisimamisha, sasa mugongo ya mama muzee njo inakushinda?" Kalala alicheka nao, huku akitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa anamuua mama mkwe wake kwa kujifanya fundi, na yule mama kila siku, kila mkanyago, anamshukuru.

"Kuna mpira unavuja," alimwambia Sephora. "Nitaingia nione."

Sephora aliacha kutwanga. "Kuingia kwa muko? Weye?"

"Atakufa, Sephora."

"Uache tu, Papa Gloire. Tafazali." Alisema hivyo, akimwita kwa jina la mtoto wao, huku akiangalia kinu. Kalala alidhani mkewe anamwonea haya mume aliyeshindwa na kazi yake mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko maneno ya Nahum.

Alhamisi, Sephora alipokwenda sokoni, Kalala alimwita Nahum, akamweka kwenye pampu nyuma ya nyumba. Heri aibu ya kuingia kuliko aibu ya kumzika. Alivua viatu, akajifunga kitenge cha mkewe machoni, akakaza fundo. Alikusudia kukohoa mlangoni ili mama ajifunike, lakini haya ikamzidi. Akaingia kinyumenyume mpaka kisigino kikagonga mguu wa kitanda.

Alinyoosha mkono nyuma na kupapasa ukingo wa chini, pale ambapo hata nyayo za mgonjwa hazingefika. Nje Nahum alikuwa anakanyaga kwa nguvu. Mstari wa kwanza uliinuka, wa pili ukashuka. Wa tatu, wa nne, hakuna palipovuja. Mkono ulisogea polepole, ukiogopa kugusa mguu. Wa saba. Wa nane. Wa kumi. Ulifika kwenye mto, na bado haukuwa umegusa mtu. Ile poda aliyoipaka siku ya kwanza ilikuwa bado laini juu ya mpira wote, haijafutika hata kidogo.

Chini, sakafuni, karibu kabisa na vidole vyake vya miguu, mkeka ulikwaruza, na sauti ikauambia ukuta:

"Inatosha, muko, usichoke bure. Minyi nimelala muzuri."