Fundi Aliyefunga Seva

"Hii ni simu yangu mwenyewe, madam, na bando langu. Sijaandika nywila yoyote," Trevor alisema, akaisukuma mezani mbele ya Proscovia.

Proscovia akatazama. Majina ya wanawake yalikuwa yanateremka kwenye kioo, kila mmoja na nyumba alimofichwa. Shirika lake hapo Jinja ndilo lililowatorosha kutoka kwa waume waliowapiga, likawapeleka Mbale. Hata ndugu zao hawakuambiwa walipo.

"Yametoka wapi haya?"

"Kwenye kashe. Ile seva tunayokodi kwenye wingu, inayoshika taarifa za karibuni ili programu isichelewe. Fundi aliyenitangulia aliiacha wazi. Yeyote mwenye intaneti anaingia."

"Funga."

"Nikifunga, itakubali mtandao wa ofisi hii peke yake. Wahudumu wa Mbale watakatika mpaka niende nikawatengenezee njia yao."

"Wakatike! Kuna mwanamume huko nje anamtafuta mkewe akiwa na panga, Trevor. Funga sasa hivi!"

Akafunga. Akajaribu tena kwa simu yake, ikakataa. Proscovia alishusha pumzi, machozi yakimlengalenga. Mafundi wote aliowahi kuwaajiri walijali mashine tu. Huyu mgeni alikuwa amewaonea uchungu wale wanawake. Alimwambia hivyo, naye akainamisha kichwa kwa haya.

"Basi kesho niende Mbale, madam. Mke wangu pia yuko huko. Hatujaonana siku nyingi."

"Chukua gari la ofisi. Na usirudi mbio, kaa naye kidogo."

Asubuhi Nambozo, msimamizi wa nyumba ya Mbale, alipiga simu akilalamika. Programu haifunguki, na wanawake wameingiwa na wasiwasi.

"Watulize, dada," Proscovia alisema. "Tumewafungia maadui mlango. Fundi wetu yuko njiani, anakuja na gari letu. Mfungulieni geti."

"Mwanamume? Si ulisema mwanamume asikanyage hapa?"

"Huyu ni mtu wetu, Nambozo. Fungua."

Mchana Proscovia aliagiza chai, akampigia Trevor akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu.

"Umefika salama? Na mke je, umemkuta?"

"Nimemkuta, madam," Trevor alisema. "Amenenepa. Mmemtunza vizuri."